Asilimia za Mafanikio ya Kliniki za IVF: Namna ya Kuzisoma Kabla ya Kulipa

AlhamduliLlaah, himdi zote Anastahiki Allaah, na Swalah na salaam zimfikie Nabii wetu Muhammad, aali zake na Swahaba zake wote. Amma ba'ad:

Masuala ya uzazi ni miongoni mwa yanayotufikia kwa wingi. Zamani wengi walikuwa wakiuliza kama inajuzu kutungisha mimba nje ya fuko la uzazi, matibabu yanayojulikana kwa jina la IVF. Siku hizi wengi wameshaijua hukumu, na suala lao ni jengine: "Kliniki hii inasema mafanikio yake ni asilimia 60, na ile inasema asilimia 35. Tumeweka akiba kwa miaka, na fedha zinatosha safari moja tu. Twende wapi?"

Jibu kwa ufupi ni kwamba asilimia peke yake haimwambii mtu kitu mpaka ajue mambo matatu: ni jambo gani limehesabiwa kuwa ni mafanikio, ni kati ya wanawake wangapi na walioanzia hatua gani, na wanawake hao walikuwa na umri gani na walitumia mayai ya nani. Jambo hili la mwisho lina uzito wa pekee kwa Muislamu, kwani katika hesabu za baadhi ya kliniki mnaingia njia ambazo kwetu ni haramu. Asilimia iliyopatikana kwa njia hizo haituhusu, hata iwe kubwa kiasi gani.

Hukumu kwa ufupi

Mtoto wa kwanza wa IVF, Louise Brown, alizaliwa mjini Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Haukupita muda 'Ulamaa wakaulizwa. Mwaka 1980 Shaykh Jaad al-Haqq 'Aliy Jaad al-Haqq, aliyekuwa Mufti wa Misri na baadaye Shaykh wa Al-Azhar, alitoa fatwa ya kuruhusu matibabu haya baina ya mume na mke, na kukataza kuingiza mtu wa tatu.

Mwezi wa Oktoba 1986, Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilikutana 'Ammaan, Jordan, likazitazama njia saba za kutungisha mimba. Tano katika hizo limeziharamisha, kwa sababu ndani yake mna mbegu za mwanamme asiyekuwa mume, au yai la mwanamke asiyekuwa mke, au fuko la uzazi la mwanamke mwengine. Hata kumpandikizia mke wa pili mimba iliyotokana na yai la mke wa kwanza imo katika zilizokatazwa, ijapokuwa mume ni mmoja. Njia mbili hazina ubaya wakati wa haja, na kwa tahadhari kamili: mbegu za mume kuingizwa ndani ya mwili wa mkewe, au yai la mke na mbegu za mume kukutanishwa nje kisha kurejeshwa katika fuko la uzazi la mke huyo huyo.

Mpaka ni huo: mume, mke, na ndoa iliyo hai. Mume akifariki au talaka ikapita, mlango umefungwa. Hukumu hii tumeitaja hapa kwa sababu bila ya kuikumbuka hatutaweza kuzisoma asilimia za kliniki kwa usahihi.

Hatua za matibabu

Ili kuelewa hesabu, ni vyema kwanza kujua njia anayopita mwanamke. Huanza kwa sindano za kila siku, kwa kawaida kwa muda wa wiki mbili au karibu na hapo, ili mayai mengi yakomae kwa pamoja. Kisha mayai hutolewa kwa sindano. Hukutanishwa na mbegu za mume maabara, na yanayorutubika huachwa yakue kwa siku chache. Yai lililofikia hali hiyo huitwa kiinitete. Kiinitete kimoja au zaidi hurejeshwa katika fuko la uzazi. Baada ya takriban wiki mbili hupimwa damu kuangalia kama mimba imeshika. Wiki chache baadaye hutazamwa mapigo ya moyo kwa mashine ya picha. Halafu inabaki miezi ya kubeba mpaka kujifungua.

Katika kila hatua wapo wanaosita. Mwengine mayai hayakui vya kutosha na matibabu husimamishwa. Mwengine mayai hutolewa lakini hayarutubiki. Mwengine hupata kiinitete na kisishike. Na mwengine hushika mimba kisha ikaharibika. Basi kila kliniki inapotoa asilimia, imechagua hatua ya kuanzia kuhesabu na hatua ya kuishia.

Kliniki moja, asilimia nyingi

Tuchukue mfano wa kubuni. Wanawake 100 wameanza sindano. Kumi wamesimamishwa kabla ya mayai kutolewa, wamebaki 90. Kumi wengine hawakupata kiinitete cha kurejesha, wamebaki 80. Kati ya hao 80, kipimo cha damu kimeonesha mimba kwa 32. Mapigo ya moyo yameonekana kwa 28. Waliojifungua mtoto hai ni 22.

Kliniki hii ikitaka, itasema mafanikio yake ni asilimia 40, maana 32 kati ya 80 walipata kipimo chenye mimba. Inaweza pia kusema asilimia 35, ikihesabu mapigo ya moyo. Au ikasema asilimia 27 na nusu, ikihesabu watoto waliozaliwa kwa waliorejeshewa kiinitete. Na ikihesabu watoto waliozaliwa kwa kila aliyeanza matibabu, jibu ni asilimia 22.

Namba zote nne ni za kweli. Lakini mke na mume wanaotoka Unguja au Pemba wanalipa tangu sindano ya kwanza, nao wanachokitaka ni mtoto na si karatasi ya maabara. Namba inayowahusu wao ni ile ya 22: watoto hai waliozaliwa, kwa kila mwanamke aliyeanza matibabu. Kliniki inayotangaza 40 bila ya kueleza ni 40 ya nini imewaonesha sehemu iliyo nzuri tu.

Imepokewa katika Swahiyh Muslim kwamba Rasuli wa Allaah (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alipita sokoni penye lundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani na vidole vikakuta umajimaji. Alimkemea mwenye bidhaa kwa kutokuiweka iliyorowa juu watu wakaiona. Nafaka ile ya juu ilikuwa kavu kweli; ubaya ulikuwa katika kilichofichwa chini yake. Basi mgonjwa ana haki ya kuona lundo zima, na kuuliza si utovu wa adabu kwa daktari.

Umri wa mwanamke

Jambo linalobadilisha matokeo kuliko jengine lolote ni umri wa mwanamke ambaye yai ni lake. Uingereza ina mamlaka ya serikali inayosimamia kliniki zote za uzazi tangu 1991 na kuchapisha matokeo yake, kwa hiyo takwimu zake ni mfano mzuri wa kujifunzia. Kwa mwaka 2019, kwa wanawake waliotumia mayai yao wenyewe na mbegu za wenza wao, kila kiinitete kilichorejeshwa kilizaa mtoto hai kwa kiwango hiki:

- Chini ya miaka 35: asilimia 32
- Miaka 35 hadi 37: asilimia 25
- Miaka 38 na 39: asilimia 19
- Miaka 40 hadi 42: asilimia 11
- Miaka 43 na 44: asilimia 5
- Zaidi ya miaka 44: asilimia 4

Yapo ya kuzingatia hapa. Kwanza, hata kwa wanawake vijana, katika nchi yenye maabara bora, mara nyingi zaidi kiinitete hakikuzaa mtoto. Pili, namba hizi zimeanzia kwenye kiinitete kilichorejeshwa. Waliosita kabla ya hapo hawamo, kwa hiyo hazioneshi kiwango cha kila aliyeanza sindano. Tatu, kliniki yoyote inayomwambia mwanamke wa miaka 42 kwamba ana asilimia 50 kwa mayai yake mwenyewe inapaswa kueleza imeipata wapi namba hiyo.

Kwa hiyo usiulize "mafanikio yenu ni asilimia ngapi?" Uliza "mafanikio yenu kwa wanawake wa umri wangu, wenye tatizo kama langu, ni yapi?" Mke wa miaka 29 ambaye mirija yake imeziba, na mke wa miaka 41 ambaye mayai yake yamepungua, hawawezi kupewa namba moja.

Mayai ya mwanamke mwengine

Hapa ndipo familia ya Kiislamu inapotakiwa kuwa macho zaidi. Katika nchi nyingi kliniki hutumia mayai ya wanawake vijana waliojitolea au waliolipwa, na kuwapandikizia wanawake wenye umri mkubwa. Kwa njia hiyo matokeo hufuata umri wa mwenye yai, si umri wa anayebeba. Kwa hiyo mafanikio hubaki juu hata mwanamke akiwa na miaka 43 au 45.

Kliniki ikichanganya wanawake hao na wanaotumia mayai yao wenyewe, asilimia ya jumla hupanda, khasa kwa walio na zaidi ya miaka 40. Muislamu akiisoma hudhani ni matumaini yake yeye, kumbe sehemu kubwa imetokana na jambo ambalo hatolifanya. Husafiri, akamaliza mzunguko wa kwanza bila mafanikio, ndipo akaambiwa: "Sasa tujaribu kwa yai la mwanamke mwengine." Wakati huo fedha zimeshatoka, moyo umevunjika, na mtihani wa kukataa umekuwa mzito kuliko ulivyokuwa nyumbani.

Kwa hiyo tunanasihi mambo mawili. Waombeni namba ya wanaotumia mayai yao na mbegu za waume zao pekee. Na kabla ya kuanza, iandikeni katika fomu ya ridhaa kwamba hamruhusu yai, mbegu wala kiinitete cha mtu mwengine kwa hali yoyote. Pia waulizeni namna wanavyoweka majina katika vichupa na nani huthibitisha kila hatua. Kuhifadhi nasaba ni katika makusudio makubwa ya shari'ah, na tahadhari iliyotajwa na 'Ulamaa haikutajwa kwa maneno tu.

Kurejesha viinitete vingi kwa pamoja

Njia nyengine ya kupandisha asilimia ni kurejesha viinitete viwili, vitatu au zaidi kwa mara moja. Uwezekano wa mimba huongezeka, lakini huongezeka pia uwezekano wa mapacha na watoto watatu. Wengi tunaona mapacha ni neema, na wao ni neema kweli. Lakini mimba ya namna hiyo huja na hatari zaidi kwa mama: presha, kutokwa na damu nyingi, kuzaa kabla ya wakati. Na watoto wanaozaliwa kabla ya wakati huhitaji mashine na wauguzi maalumu kwa wiki nyingi. Kwa ajili hiyo Uingereza ilihimiza kurejesha kiinitete kimoja, na uzazi wa zaidi ya mtoto mmoja kwa IVF ulishuka kutoka zaidi ya asilimia 20 katika miaka ya 1990 hadi asilimia 6 mwaka 2019.

Anayeishi kisiwani na afikirie jambo hili kwa makini. Mimba itapandikizwa ng'ambo, lakini uchungu utamshika akiwa nyumbani, pengine usiku ambao hakuna boti wala ndege. Kliniki yenye asilimia ndogo kidogo lakini inayorejesha kiinitete kimoja inaweza kuwa salama zaidi kwake kuliko yenye asilimia kubwa inayorejesha vitatu.

Kuhusu viinitete vinavyobaki, Baraza la Fiqhi katika kikao chake cha Jeddah, mwezi wa Machi 1990, liliamua kwamba yarutubishwe mayai kwa idadi inayohitajika kila mara ili kisibaki cha ziada. Na kikibaki, kiachwe bila ya kushughulikiwa mpaka uhai wake uishe wenyewe, wala kisitumike kwa mwanamke mwengine. Kliniki nyingi hupendelea kurutubisha mengi na kuyagandisha. Zungumzeni na daktari mapema kuhusu idadi, na mumuulize mwanachuoni mnayemuamini juu ya hali yenu mahsusi kabla ya kusaini.

Kliniki ndogo na kliniki zinazochagua

Kliniki iliyohudumia wanawake 10 mwaka mzima, na sita wakazaa, itasema asilimia 60. Wangezaa wanne, ingesema 40. Tofauti ya watu wawili imebadilisha tangazo zima. Namba ya watu wachache haitegemewi, kwa hiyo daima ulizeni: kati ya wangapi, na katika miaka gani?

Pia zipo kliniki zinazowakataa wagonjwa wagumu ili hesabu yao ibaki nzuri, na zipo zinazowapokea waliokataliwa kwengine. Hizi za pili zinaweza kuwa na madaktari hodari zaidi na asilimia ndogo zaidi. Kwa sababu hii, kupanga kliniki kwa asilimia peke yake kama timu za mpira kunapotosha.

Kurudia mara ya pili na ya tatu

Wapo wanaojumlisha: ikiwa mara moja ni asilimia 22, basi mara tatu ni 66. Si hivyo. Katika wanawake 100, mara ya kwanza 22 wanapata na 78 wanabaki. Mara ya pili asilimia 22 ya hao 78 ni 17, wanabaki 61. Mara ya tatu wanapata 13. Jumla ni 52, na 48 wametoka mikono mitupu baada ya kulipa mara tatu. Na hapo tumekadiria kuwa uwezekano haupungui, ilhali umri unakwenda na wengi huacha njiani.

Kliniki ikitoa asilimia ya jumla ya mizunguko mitatu, si kosa, ila lazima ijulikane kuwa ni mitatu. Na wanandoa wapange tangu mwanzo: wataweza mara ngapi, na watasimama wapi.

Maswali ya kwenda nayo

1. Ni wanawake wangapi walioanza matibabu mwaka uliopita, na wangapi walijifungua mtoto hai?
2. Kati yao, wa umri wangu na tatizo langu ni wangapi, na matokeo yao yalikuwaje?
3. Je, hesabu hiyo ni ya waliotumia mayai yao na mbegu za waume zao pekee?
4. Wangapi walisimamishwa kabla ya mayai kutolewa, na wakisimamishwa hurejeshewa kiasi gani?
5. Kwa kawaida mnarejesha viinitete vingapi, na wangapi walipata mapacha au zaidi?
6. Bei mnayoitaja ina nini ndani yake: dawa, vipimo, kugandisha, mzunguko wa pili?
7. Nani anazihakiki takwimu zenu nje ya kliniki?
8. Yupo daktari mwanamke wa kumhudumia mke, na mume anaweza kuwepo?

Mwenye kujibu kwa uwazi, hata kwa namba ndogo, anastahiki kuaminiwa zaidi. Anayeahidi kuwa lazima mtapata mtoto amedai jambo lisilo mikononi mwake.

Mali na mkataba

Kumlipa tabibu kwa kazi yake ni halali hata kama matokeo hayana hakika, kwani ujira ni wa kazi na si wa kupona. Lakini bei na kazi zijulikane wazi, ili kusiwe na gharar. Zipo kliniki zenye mikataba ya "usipopata mtoto urejeshewe fedha", ambayo mara nyingi bei yake ni kubwa zaidi na ina masharti ya nani anakubaliwa. Mikataba hiyo ipelekeni kwa mwanachuoni aisome kabla ya kulipa.

Wala haifai kuingia katika mkopo wa riba kwa ajili hii. Kutafuta mtoto ni jambo jema, lakini halimlazimu mtu kuuza shamba la urithi wa ndugu zake au kubeba deni asiloweza kulilipa.

Nasaha kwa mume na jamaa

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba takriban mtu mmoja kati ya sita hupitia tatizo la kukosa uzazi katika maisha yake. Na karibu nusu ya wanandoa wenye tatizo hili, upande wa mume umo, peke yake au pamoja na wa mke. Kipimo cha mbegu za mwanamme ni rahisi na hakina maumivu, nacho kinatakiwa kifanywe mwanzo. Ni dhulma mke kuchomwa sindano na kupasuliwa kwa miaka mitatu huku mume hajapimwa hata mara moja. Na ni dhulma kubwa zaidi mama mkwe na mawifi kumsema kwa jambo ambalo Allaah Hakumpa yeye uwezo nalo.

Matibabu yakishindwa, mke asiambiwe kuwa amepoteza fedha za watu. Mmeona wenyewe katika hesabu hizi kwamba kushindwa ndio kunakotokea mara nyingi zaidi, bila ya kosa la yeyote.

Katika Suratu Ash-Shuuraa, aya ya 49 na 50, Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) Ametubainishia kuwa kupata watoto wa kike, wa kiume, wote kwa pamoja, au kutokupata kabisa, ni katika matakwa Yake, Naye ni Mjuzi, Muweza. Nabii Zakariyyaa ('alayhis-salaam) aliomba akiwa mzee na mkewe akiwa tasa, wala hakukata tamaa. Kutafuta tiba hakupingani na tawakkul, na kuuliza maswali magumu kabla ya kulipa ni katika kufunga ngamia kabla ya kutegemea.

Tunamuomba Allaah Awaruzuku kizazi chema wote wanaokitafuta, Awape subra na mapenzi wale Aliowaandikia jengine, na Azihifadhi nyumba zetu na ndimi zetu.

Na Allaah Anajua zaidi.